Maneno ya Baba wa Bibi Harusi

Nipo kwenye eda. Wanaokuja kunipa pole wote wananieleza mume wangu alivyokuwa, kama vile mimi sikuishi naye. Mmoja anasema alikuwa jitu la ngumi. Mwingine anasema alikuwa jambazi wao wa kwenye filamu, anacheka kidogo, halafu anakumbuka yuko msibani. Nawaitikia. Hawaniulizi ninachokikumbuka mimi: kwamba mwaka wake wa mwisho alitaka jambo moja tu, kumwozesha binti yetu wa pekee kwa mdomo wake mwenyewe, na kwamba mimi ndiye niliyemharibia.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Alikuwa bondia wa uzito wa juu, hapa hapa Temeke. Watu wanadhani uzito wa juu ni sifa. Kwetu ulikuwa upweke. Wa uzito mdogo walijaa pale gym, yeye alikuwa peke yake wa saizi ile, kwa hiyo mazoezini alipewa wawili kwa zamu. Huyu akichoka anaingia yule, yeye habadilishwi. Kinga ya kichwa ya kumtosha haikuwepo, basi alipigwa hivyo hivyo, miaka na miaka. Akirudi nyumbani anacheka. "Wale wanaparura tu, mke wangu, kama paka." Namkanda kwa maji ya moto uso na mabega, tunakula, tunalala. Sikujua kinachovunjika kiko ndani. Hata yeye hakujua.

Pambano lake la mwisho alianguka raundi ya pili. Mtu wa filamu alikuwepo ukumbini. Akatufuata nyumbani siku ya tatu, mume wangu uso bado umevimba, akamwambia, "Braza, unavyoanguka vizuri vile, njoo uanguke kwangu. Kwangu hakuumi."

Akaenda. Akawa jambazi, baunsa, mlinzi wa tajiri. Kila filamu alikuwa anapigwa na kijana mwembamba, halafu anakufa. Jirani yetu muuza mkaa akinipita barazani nakaanga vitumbua ananitania, "Shemeji, huyu mumeo namzika kila wiki, mbona bado anakula?" Tukacheka. Ile ndiyo ilikuwa miaka yetu mizuri, nasema kweli.

Filamu zile hazikuwa na maandishi. Dairekta alimsimamisha kwenye jumba ambalo halijaisha kule Tegeta, akamwambia: wewe mlinzi, huyu mke wa bosi, mfukuze. Basi. Maneno unatoa mwenyewe. Akisahau alichoambiwa alinguruma, na mngurumo ulifaa, wakamsifu. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ni kusahau. Mimi nilijua. Alikuwa akitoka kununua sukari anarudi na sabuni, anakaa kwenye kochi ameishika. Mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Nikamwambia twende hospitali. Akasema tukienda itajulikana, na ikijulikana hawaniiti tena. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili ni la tamthilia. Walimwita acheze baba, mtu mwema, mara ya kwanza katika maisha yake. Baba huyo ni mjane, mke wake alikufa akijifungua, na sasa anamkabidhi binti yake kwa mume. Maneno yalikuwa ukurasa mzima na nusu, yameandikwa, na ilikuwa lazima yasemwe yote. Alirudi na zile karatasi amezikunja kama barua ya polisi.

"Hayaingii," akaniambia baada ya siku tatu. "Nayasoma, yanatoka."

Nikakumbuka alivyonieleza zamani kwamba kocha hakuwahi kumfundisha ngumi kwa kusema, alimfundisha kwa kurudia mpaka mwili ukajua. Basi kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla sijabandika mafuta, navaa ndala mikononi, nasimama mbele yake uani. Sentensi moja, ngumi mbili za kushoto. Sentensi ya pili, kushoto, kulia. Penye jina la yule binti wa tamthilia, kulia yenye nguvu. Alipiga taratibu asiniumize. Nilimkaza wiki tano. Binti yetu alikuwa akitoka chumbani na mswaki mdomoni anasema, "Mama, utamuua mzee kwa hayo mandala," naye anamjibu, "Niache, nafundishwa kuongea."

Yakaingia. Siku ya kupiga picha alisimama, akasema yote bila kukosea neno, mabega yakicheza kidogo. Dairekta alimkumbatia. "Mzee umeua! Umeua!" Nilikaa nyuma ya taa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia kwa furaha. Nikadhani tumepona.

Ndoa ya binti yetu ilikuwa baada ya wiki mbili. Shemeji yangu, mdogo wake, alikuja mapema kuzungumza. Yeye ni mtu wa kusema wazi.

"Shemeji, kaka awakilishe. Amwambie sheikh amwozeshee. Inaruhusiwa, wengi wanafanya hivyo."

Mume wangu akamsikia kutoka ndani. "Nani awakilishe? Nimesema ukurasa mzima mbele ya kamera, nitashindwa mstari mmoja? Binti yangu namwoza mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Shemeji akaniangalia mimi. Alikuwa anangoja niseme kweli. Nikasema, "Mwache kaka yako. Anaweza."

Ndoa ilifungwa hapa nyumbani, asubuhi, chini ya turubai. Wanaume nje, sisi wanawake ndani, na spika imefungwa dirishani ili bibi harusi asikie. Binti yetu alikuwa amekaa kitandani, mikono ya hina ameiweka juu ya magoti asiiharibu. Mimi nilisimama dirishani, pazia nimelifungua kidole kimoja.

Sheikh akamshika mume wangu mkono, akaukutanisha na wa bwana harusi. Akamwambia aseme: nimekuozesha binti yangu, amtaje jina, kwa mahari mliyokubaliana. Mstari mmoja.

Nikayaona mabega. Kushoto, kushoto. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Akasema kwa sauti nzuri, ile ya kwenye kamera. Akamtaja binti wa tamthilia. Hakuishia hapo. Akasema mama yake alikufa siku ya kumzaa, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa mama yake na baba yake, nilimbeba mgongoni, leo nakukabidhi." Wanawake wote chumbani wakanigeukia mimi, mama aliyekufa, nimesimama dirishani na leso ya harusi.

Nje kuna waliocheka. "Mzee kadhani yupo lokesheni!" mmoja akasema, na wengine wakatoa simu. Upande wa bwana harusi hawakucheka.

"Mzee wangu," sheikh akasema kwa upole, "jina la bibi harusi. Bibi harusi wa leo."

"Naam," akasema. Akapumua. Mabega yakaanza upya, maneno yakatoka yale yale, jina lile lile. Mwili ulikuwa umejua, na haukuwa na nafasi ya kujua kingine. Mimi ndiye niliyeijaza nafasi hiyo, kwa ndala, wiki tano.

Nyuma yangu binti yetu akasema polepole, "Mama. Mbona siyo mimi?"

Nje shemeji alipiga magoti karibu na kaka yake, akamnong'oneza, kisha akamwambia sheikh, "Kaka anawakilisha." Sheikh akamwuliza kama ni kweli anawakilisha. Mume wangu akamtazama mdogo wake usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta kona yake ulingoni, akasema ndiyo. Ndoa ikafungwa na sheikh. Ilikuwa halali. Vigelegele tulipiga, kwa sababu ni lazima vipigwe.

Hakuitwa tena kwenye tamthilia. Video ilizunguka, na waliopaswa kuelewa walielewa. Alifariki baada ya miezi saba, na mingi katika hiyo hakunijua.

Lakini siku ile alinijua. Alasiri wageni walikuwa wameondoka, vijana wanakunja turubai, yeye bado amekaa mkekani na kanzu yake. Nilimpelekea maji. Akaniuliza, "Nani kamwozesha?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha kwa kunyamaza. Nikamwambia ni sheikh.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Ulisema ya tamthilia."

Akanywa maji yote. Akaniomba nimtajie jina la binti yetu. Nikamtajia. Akalisema mara moja, taratibu, mabega yametulia, vizuri kabisa. Akageukia njia ambayo gari la bibi harusi lilipita, akalisema tena, na safari hii alikosea.