Kiti cha Babu Uwanjani

Moshi wa jenereta ukinifikia harusini, macho yangu humtafuta kwanza mshereheshaji, ili nianze kumchukia mapema.

Chuki hiyo ilianza utotoni, uwanjani kijijini Ndandalo, kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, na mabua yalituchoma nyayo. Kwaya ya mama ilialikwa kwenye tamasha. Babu, baba mkwe wake, alikalishwa mbele pamoja na wazee, nami nikakaa chini miguuni pake. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Kwa hiyo mama alipopanda jukwaani kuongoza wimbo, babu aligeuza kiti chake cha plastiki, akampa mgongo, akatulia. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kinafuata mdundo.

Mshereheshaji, mgeni mwenye miwani nyeusi, akadaka kipaza sauti.

"Mzee wangu, jukwaa liko huku! Au mama huyu anakukera?"

Watu wakaangua kicheko, hata wa kwetu, waliojua.

"Nimekuja kusikiliza," babu alisema. "Sikuja kutazama."

Yule bwana hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. Aliita vijana wawili, wakambeba babu na kiti chake kama gunia la kokoa, wakamgeuza. Babu akafumba macho. Mama alijifunika uso kwa kitenge, akashuka katikati ya ubeti, akaenda kuchuchumaa kwenye moshi, nyuma ya jenereta. Kwaya ikanyamaza.

Babu, macho bado kayafumba, alipapasa mpaka akanishika bega.

"Mbona ameacha kuimba?"