Kilwa yangu imejalidi daftari la Hisabati

Marafiki, mji wa Kilwa sasa ni jalada la daftari langu la Hisabati. Nipongezeni.

Mnajua nakusanya picha kuukuu za miji ya kale, zile zilizochapwa kwa ubao wa kuchonga.
Hii ya Kilwa, Babu aliiokoa miaka ya uhaba, duka moja la mtaa wa Mukendo lilipokuwa likifungia watu chumvi kwa kurasa za kitabu.
Ilinusurika uhaba wote.

Haikunusurika Shangazi.

Leo niliahidi kuionyesha kwenye kipindi cha Historia. Asubuhi naitafuta, Shangazi anatabasamu: "Mwanangu, nimekujalidia daftari! Ule upande wa manyumba meusi nimeuficha ndani, maana shuleni mnachekanaga."

Kaibandika yote kwa uji wa muhogo. Shangazi hafanyi kazi nusu.

Darasani mwalimu akauliza, "Haya, Kilwa iko wapi?"
Nikanyanyua daftari. "Iko ndani, Mwalimu."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu akalikagua pande zote, akaliinua juu.
"Mmeona? Hivi ndivyo daftari linavyojalidiwa!"

Asante, Mwalimu.

Nimebaki na picha ya Lamu tu. Anayejua kubandua uji wa muhogo bila kuchana msikiti wa Kilwa aniandikie hapa, tafadhali, kabla Shangazi hajaliona daftari la Jiografia.