Kichwa cha Tatu Kwenye Ubao wa Kinyozi

Picha za baba wa mtoto wangu zilibaki mbili tu. Zingine zilienda na simu niliyoibiwa hapa Ruiru. Moja ni ya kitambulisho, na hapo anaonekana kama mtu amekamatwa. Nyingine alijichora mwenyewe, kwenye ubao wa kinyozi, katika mji mdogo kule juu milimani ukishapita Thika na kuanza kuona majani chai. Kinyozi alikuwa rafiki yake. Alimwagiza achore vichwa vya mitindo ya nywele, na alipofika kichwa cha tatu akakosa mtu wa kuangalia, akachukua kioo cha kinyozi akajichora. Anacheka. Meno yote nje, na lile pengo lake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kati ya Ruiru na Thika, ukiona ng'ombe kwa ukuta wa bucha amenona kuliko nyama iliyo ndani, pengine ni wake. Alianguka kutoka kwa ngazi akiandika ukuta wa ghorofa Thika, akafa, mimi nikiwa na tumbo kubwa. Msichana wetu hakumwona. Mwaka huu ameanza shule, na siku moja akarudi akaniuliza, "Mami, dadi alikuwa anacheka aje?"

Sasa hiyo unajibu aje? Nikamwambia nitampeleka akaone.

Mwenzangu tunayesuka naye nywele Mwihoko akanichekelea. "Huko siku hizi ni kwa wasanii, mama. Wamehama Nairobi, wanasema wanafuata hewa. Jumamosi kuna maonyesho. Enda, hata mtoto aone vitu."

Tulifika kukiwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Ubao haukuwepo. Mahali pake palining'inia bango la plastiki, lina mwanaume wa ng'ambo mwenye nywele ambazo hakuna mtu wa mji ule anazo.

Kinyozi akazima mashine. "Shemeji! Ngai, umepotea hivyo?"

"Ubao uko wapi?"

"Ule? Wasanii waliuomba, wakanitengenezea hii. Ona vile inang'aa. Wameuweka hapo chini, kwa stoo ya zamani ya majani chai. Una fremu, shemeji, na glasi! Jamaa yetu amekuwa mtu mkubwa."

Alikuwa anafurahi kweli. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Ile stoo walikuwa wameipaka nyeupe mpaka inaumiza macho. Ndovu kwa ukuta huu, milima kwa ule, kijana wa skafu anasoma shairi kuhusu umaskini, watu wanakunywa kahawa wakitingisha vichwa. Na katikati, chini ya taa yake peke yake, ubao wetu. Kando kulikuwa na kadi: "Ubao wa kinyozi. Mchoraji hajulikani."

Hajulikani! Kila mtu anayeandika vibao huweka jina lake na nambari ya simu pale chini, ndiyo kazi nyingine impate. Yeye aliweka, na mchoro wa kibrashi kidogo pembeni. Hawa walikuwa wamekata sehemu ya chini ndio ubao uingie kwa fremu, halafu wakasema hajulikani.

Nikambeba mtoto. "Ni yule wa tatu. Ndiye huyo."

Akaangalia. Akafungua mdomo akatoa meno, kama yeye. Kisha akanyoosha mkono.

"Usiguse, mrembo," akasema dada mmoja wa hapo, mwenye kubandika hizo kadi.

"Asiguse?" nikamwambia. "Wanaume wa hapa wote wamemgusa huyu shavu wakisema, ninyoe kama huyu. Ona hapo, rangi imeisha kwa vidole vyao. Sasa mtoto wake ndiye hafai?"

"Mtoto wake?"

"Huyu ni babake. Kinyozi anamjua. Mlishindwa kuuliza?"

Shairi likanyamaza. "Woiye, pole sana, siste," akasema yule dada wa kadi. "Tulidhani hivi vitu havina mwenyewe." Halafu macho yakamwaka. "Na unaweza kutupatia stori yake? Nikurekodi kidogo?"

"Nipatie ubao."

Akanionyesha kibandiko chekundu kwenye fremu. Mtu alikuwa ameshaununua, angeubeba jioni. Ila kadi wangebadilisha, akasema, waandike jina.

Nilitaka kuvunja ile glasi. Nilitafuta hata kitu cha kuivunjia. Lakini nilikuwa nimebeba mtoto, na mtoto alikuwa bado anacheka na babake. Nikapiga picha na simu. Ukiiangalia ni mimi unaniona kwa glasi, nimenuna, nimemfunika uso.

Nikarudi kwa kinyozi. "Kipande walichokata kiko wapi?"

Akaangalia chini. Kilikuwa kwenye kiti chake, kimelazwa juu ya mikono ya kiti, pale watoto hukalishwa ndio wafikie mashine. Akakigeuza. Jina lilikuwa upande wa chini, na nambari, na kile kibrashi. Akapangusa nywele na mkono, pole pole.

"Chukua, shemeji. Ningejua..."

"Ulikuwa unajua."

Alinifungia kwa gazeti.

Kiko hapa juu ya kitanda. Jioni msichana wangu hupitisha kidole kwa herufi, halafu hunionyesha vile dadi hucheka. Siku ya kwanza alipatia, hata kichwa alikiinamisha vile vile. Siku hizi namwangalia, na kila wiki hicho kicheko kinazidi kuwa chake mwenyewe. Simwambii.