Sabra na Klabu ya Usukani

Sabra wa Umwe alijifunza gari kwa shida, si kwa kupenda. Mumewe, Idrisa, alikuwa na pikapu kuukuu ya kupeleka nazi Kibiti. Kiharusi kilipomlaza upande mmoja, pikapu ikabaki uani, kuku wakitagia chini yake. Siku moja Sabra akamwegemeza mumewe kwenye kiti cha abiria, akashika usukani, akamwambia, "Haya, sema nikanyage wapi." Idrisa, mdomo umempinda, akasema. Ndivyo alivyojua, na leseni ikafuata baadaye. Watu wa Umwe nao wakapata la kuzungumza: mke kashika usukani, mume kashika tasbihi. Sabra aliyasikia, akayameza, akaenda zake Kibiti na nazi zake.

Klabu ilizaliwa msibani. Wifi yake, Mwanaidi, aliyeolewa Ngorongo, alishikwa na uchungu wa uzazi mumewe akiwa safarini. Gari lilikuwepo uani, lina mafuta, na funguo zake zimetundikwa ukutani. Nyumba ilijaa wanawake, na hakuna hata mmoja aliyejua kuliwasha. Wakambeba kitandani kwa miguu, akawafia njiani na mwana wake tumboni. Sabra alipofika kuzika alilitazama lile gari zaidi kuliko alivyolitazama jeneza.

Matanga yalipoanuliwa, akamwendea shoga yake Zamda, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Kibiti.

"Mimi nafundisha," alisema. "Mwanamke yeyote anayetaka, kila Jumamosi, kwenye kiwanja nyuma ya ghala la korosho. Bure."

Wakaiita Klabu ya Usukani. Walibandika tangazo sokoni, mvua ikalila. Wakaja wanawake wachache, nao walikuja wamejifunika nyuso kama wanaokwenda kuiba.

"Shoga," Zamda akasema, "siku hizi mtu hata akitafuta mganga anaanzia kwenye simu. Tufungue tovuti."

"Nani atatusoma sisi?"

"Atakayetutafuta. Wewe niambie tu, mgeni anayetaka kujifunza atauliza nini kwanza?"

Sabra alifikiri. "Atauliza kama atachekwa."

Basi maneno ya kwanza ya tovuti ile yakawa hayo: hapa huchekwi. Chini yake Zamda akaweka picha zao wenyewe, wanawake wa Umwe na Kibiti, mabaibui yamepanda, tope hadi magotini, si magari ya kuokota kwenye mitandao. Akaandika siku na mahali, na namba ya Sabra, ambayo Sabra aliipokea hata mikono ikiwa kwenye unga. Kila mvua ikinyesha, Sabra alieleza barabara imekatika wapi, na ya Mloka inapitika hadi wapi. Madereva wasio na habari na klabu yoyote wakawa wanaifungua kwa ajili hiyo, kisha wanabaki kusoma. Mwisho kabisa waliweka habari ya Mwanaidi. Sabra aliisimulia, Zamda akaiandika huku machozi yakidondokea vidole.

Watu wakaja. Walikuja wanawake wa Ikwiriri na Bungu, akaja nesi, akaja mwalimu. Kisha wakaja wanaume, akiwemo Saadi, mtu wa Dar es Salaam aliyejenga nyumba ya mapumziko karibu na Kibiti na kuendesha gari refu kama kivuko. Alikuwa akisoma habari za barabara kabla ya kwenda Mloka kuangalia wanyama.

"Shikamoo mama," alisema siku ya kwanza. "Tovuti yenu imenisaidia sana. Nami nikaribisheni, na wenzangu."

"Marahaba. Karibu, baba. Klabu ni ya watu," Sabra akamjibu, na alimaanisha.

Wenzake walikuwa wengi. Wakaanzisha misafara ya Mloka, na misafara ikaangukia Jumamosi, siku ya wanafunzi. Wanafunzi wakaambiwa wasubiri kidogo. Kisha ikaletwa katiba: mwenye kura ni mwenye gari kwa jina lake. Pikapu ya nazi ilikuwa kwa jina la Idrisa.

Mkutano ulifanyika hotelini, meza zina vitambaa.

"Hakuna anayekufukuza, mama," Saadi alisema kwa upole. "Wewe utakuwa mlezi wetu."

"Mlezi anapiga kura?"

"Mlezi anaheshimiwa."

Mikono ikanyooshwa. Sabra hakuwatazama wale wa Dar es Salaam, alimtazama Zamda, ambaye mwaka ule alikuwa amenunua kigari kidogo. Mkono wa Zamda ulipanda polepole, macho yake yakiwa mezani.

Mwezi haukuisha, tovuti ikawa na sura nyingine: magari yakipanda vilima, vijana wa miwani myeusi. Namba ya Sabra haikuwepo. Habari ya Mwanaidi nayo haikuwepo. Sabra akaingia dukani bila hodi.

"Kwa nini umemfuta wifi yangu?"

"Si mimi, ni kamati. Wanasema habari za maiti zinafukuza wageni."

"Na aliyebonyeza nani?"

Zamda akajishughulisha kupanga karatasi kwenye mashine. "Wamenipa kazi ya kuiendesha, shoga. Na duka lenyewe unaliona lilivyo."

"Naliona," Sabra akasema. "Nakuelewa pia. Afadhali ningekuwa sikuelewi."

Nyumbani Idrisa alimsikiliza hadi mwisho. "Tuliandikishe gari kwa jina lako," akasema kwa taabu. "Urudi."

"Nirudi kwa nani?"

Wanafunzi wake walitawanyika. Wengine waume zao walifurahi. Mmoja, aliyekuwa ameshazoea gia ya tatu, alichukuliwa na klabu kwenda kupikia msafara. Alipopita Umwe, amekaa nyuma katikati ya masufuria, alimpungia Sabra mkono kwa furaha.

Msimu wa nazi uliofuata, mwanamke mmoja, Salima, aliyeletwa na ndoa kutoka visiwani kwenye delta, alimkuta Sabra akipakia gunia la mwisho.

"Bi Sabra, nasikia unafundisha gari."

"Nilikuwa nafundisha."

"Nami nataka kujifunza. Tafadhali, dada."

"Ingia kwenye tovuti yao. Wameeleza kila kitu."

"Sina simu ya namna hiyo."

Sabra alisimama na kamba mkononi. Neno la kusema alilijua, fupi tu: njoo Jumamosi. Akaifunga kamba, akapanda, akawasha gari. Salima akasogea pembeni kupisha, akashika njia ya kwao.

Jumamosi ilipofika, Sabra alimkogesha mumewe, akakuna nazi, akakaa ndani mchana kutwa.