Nilivyofuata Mshahara Wangu Mutsamudu

Siku ya kwanza kazini niliharibu kabla sijashika sindano. Niliingia dukani kwa Fundi Mkuu, pale Moroni, nikamwamkia kwa adabu zote nilizofundishwa Unguja: "Shikamoo, fundi!" Akanitazama. Akamtazama mteja wake. "Anataka nini huyu?" Nikasubiri aniitikie, wapi. Mchana akanituma kwenda kuchukua chai, nilipomwekea kikombe mezani akasema, "Marahaba." Mimi nikafikiri ndiyo anaitikia ile shikamoo ya asubuhi. Nikamwambia, "Pole fundi, imechukua muda kufika."

Duka zima lilicheka. Ndipo nikaambiwa kwamba Ngazija marahaba ni ahsante. Mimi nimezaliwa Unguja kwa wazazi Wangazija, tukarudi kwetu nikiwa kijana, shule nimeishia ya msingi, na lugha ya nyumbani nilikuwa naielewa kwa sikio moja. Basi nikalishika neno hilo vizuri, maana Fundi Mkuu alikuwa analitoa bure. Kwa miaka niliyokaa kwake marahaba nilizipata nyingi sana. Mshahara ndio ulikuwa mzito kutoka.

Nyinyi vijana mnaoshona kwa mashine za umeme, ngoja niwaeleze kazi ilivyokuwa. Sisi tulikuwa mafundi wa majoho. Joho ni lile vazi refu la kitambaa kizito, wazi mbele, ambalo Mngazija analivaa siku ya harusi kubwa, harusi ya mji mzima, ile inayomfanya awe mtu wa kusikilizwa uwanjani. Mtu aweza kuwa na mvi kichwa kizima, kama hajafanya harusi hiyo bado ni mtoto wa mji, akae nyuma huko. Sasa bila joho harusi hiyo haina sura, na bila zari joho halina sura.

Zari ni uzi wa dhahabu. Fundi mgeni anauchukua, anautia kwenye sindano, anadunga. Amekwisha! Zari haipiti ndani ya kitambaa, inachanika kama nywele. Unailaza juu ya nguo, unaifuata na uzi mwembamba wa hariri uliopakwa nta, unaifunga hatua kwa hatua hadi ikae kama imeota hapo. Kidole unakivalisha kastabini, kile kikofia cha chuma, la sivyo utaitarizi nyama yako. Fundi Mkuu alikata vitambaa na kupiga bandi, yaani ule ushoni wa kushikiza tu kabla ya ushoni wenyewe. Mimi mwaka wa kwanza nilishona bitana kwa cherehani ya mguu, wa pili nikapewa pindo. Baadaye nikapewa kola, na kola ndiyo uso wa joho. Nilikuwa na mtindo wangu: pale kona zinapogeuka, wenzangu walikata zari na kuanza upya, mimi nilikuwa naikunja mara mbili, inaacha kafundo kama punje ya mtama. Fundi Mkuu alisema ni uvivu. Wateja walisema ni urembo. Nikawasikiliza wenye pesa.

Malipo yetu yalikuwa na desturi yake, na hapo ndipo nilipoingia mtegoni. Familia ya bwana harusi ilimlipa fundi harusi ikiisha, na fundi akatulipa sisi baada ya hapo. Kwa hiyo ukimwuliza Fundi Mkuu, jibu ni moja.

"Fundi, mshahara wangu?"

"Harusi ikiisha."

"Ile ya juzi imekwisha, tumekula na pilau."

"Ya juzi nimeiunga na ya mwezi ujao. Wewe kijana huna mke, pesa utaiweka wapi? Ikae kwangu, isiote kutu."

Nikakubali, mjinga mimi, kwa kuwa alinilisha na kunilaza dukani. Mwaka wa uhuru bendera ikapanda, tukapiga vigelegele, pesa yangu bado iko kwake haioti kutu.

Halafu ikaja serikali ya mapinduzi, ya yule tuliyemwita Mongozi. Siku moja redio ikasema harusi kubwa basi. Gharama za kufilisi watu basi. Anayetaka kuoa aoe kwa kidogo, akalale. Dukani kulikuwa na majoho yamepangwa ukutani, kola nimezimaliza mimi, yanangoja mabwana harusi. Fundi Mkuu akazima redio kama vile redio ndiyo iliyokata maneno.

Sasa tazameni mambo. Amri ile iliniulia kazi, lakini ndiyo iliyonifufua mimi mwenyewe. Kulikuwa na binti wa kijiji cha Vouvouni, Mwanaisha, ambaye kabla ya hapo nisingethubutu hata kupita mbele ya mlango wao. Mimi wa kufanya harusi kubwa? Kwa lipi? Sasa kila mtu ni sawa. Nikamtuma mama. Mjomba wake Mwanaisha, ambaye ndiye mwenye kauli, akanijibu bila kuzunguka: "Harusi ndogo sikatai. Lakini ndogo siyo tupu. Niletee mahari ya sheria na kitanda, kabla ya Ramadhani. Baada ya hapo yuko mwenzako anayeuliza."

Pesa ya mahari na kitanda ninayo, na inazidi. Iko kwa Fundi Mkuu. Nikakimbia dukani, maana siku hizo mbili nililala kwa mama. Mlango umefungwa. Jirani muuza chumvi akaniambia, "Bosi wako kapanda meli jana, karudi kwao Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Kachukua na cherehani."

Nikaenda nyumbani kwa mkewe wa Moroni, maana alikuwa na wake wawili, mmoja Moroni na mwingine Mutsamudu. Mama wa watu akanipokea barazani, kachukia kuliko mimi. "Cherehani ilikuwa yangu!" akasema. "Aliniambia, mke wangu, kila kilicho nyumbani na dukani ni chako. Asubuhi naamka, changu kimeondoka naye." Na kweli visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume anahamia kwa mke, na vyombo vya ndani ni vya mke. Wadai wote wa Moroni walilijua jibu hilo: mwanamume ukimdai, anakuonyesha nyumba nzima, kisha anakuambia hapa sina hata kijiko.

Rafiki yangu mmoja alikuwa amejiunga na vijana wa kamati, wale waliopewa mji wauendeshe. Aliposikia akashangilia. "Tunao wenzetu Mutsamudu. Sema neno tu, tutampaka majivu usoni tumzungushe sokoni, mzee mnyonyaji huyo!"

"Nikishamzungusha, nalipwa?"

"Unapata heshima yako!"

"Mjomba wa Vouvouni hapokei heshima," nikamwambia. "Anataka kitanda." Na kusema kweli, yule mzee alinifundisha kazi. Nilitaka pesa yangu, sikutaka majivu yake.

Nikapanda meli ndogo ya mizigo, nikalala juu ya magunia ya vitunguu. Bahari ile sitaieleza, ila tangu siku ile mimi na vitunguu tunaamkiana kwa mbali. Nikafika Mutsamudu Ijumaa, nikaoga, nikaenda msikitini. Khatibu akapanda mimbari. Mimi badala ya kusikiliza hotuba, Mungu anisamehe, natazama kola yake. Kwenye kona, zari imekunjwa mara mbili. Kafundo kama punje ya mtama.

Joho langu! Lile la ukutani! Kumbe majoho hayakufa na harusi. Fundi Mkuu kayachukua yote, kawauzia mashehe na matajiri wa Mutsamudu kuvaa Ijumaa na Idi. Nilipotoka nikahesabu mlangoni kola zangu nyingine, zinapeana mikono.

Nikauliza nyumba ya Fundi Mkuu, nikaonyeshwa kichochoro cha juu. Nikamkuta barazani anakata kitambaa. Aliponiona mkasi ukasimama.

"Mtoto wa Unguja! Umefuata nini huku?"

"Mshahara, fundi."

"Mshahara si ni harusi ikiisha? Harusi gani imekwisha? Zimepigwa marufuku. Kamdai aliyezipiga marufuku."

"Harusi hazikufanyika, lakini khatibu kalivaa joho leo. Ukitaka tukamwulize kalipa au kakopa."

Akakohoa. Akabadilisha njia. Akanyoosha mkono kuelekea ndani. "Haya tazama, mwanangu. Nyumba ya mke wangu. Kiti hiki cha mke wangu. Kabati la mke wangu, pesa iliyo kabatini ya mke wangu. Hata cherehani hii ni yake. Mimi hapa ni mgeni tu, nitakulipa kwa kipi?"

Mkewe, Bweni Zaina, alikuwa mlangoni, kajifunga shiromani, ile shuka ya wanawake wa huko, anatusikiliza. Bweni ndivyo wanavyomwita mwanamke mwenye heshima zake kule. Nikaiangalia ile cherehani ya mguu, ambayo nimeikanyaga hadi goti linaniuma mpaka leo, na akili ikaniwaka. Nikampa mgongo Fundi Mkuu, nikamgeukia mama.

"Bweni, samahani. Nilikuwa namsumbua mtu asiyehusika. Cherehani hii ni yako?"

"Ni yangu. Kaninunulia mume wangu."

"Kitambaa?"

"Kimo ndani ya nyumba yangu, ni changu."

"Basi mimi miaka yote ile Moroni nilikuwa nashona kwa cherehani yako na kwa kitambaa chako. Mwajiri wangu ni wewe. Huyu bwana alikuwa msimamizi tu. Nimekuja kukudai wewe, Bweni, mishahara yangu yote."

Fundi Mkuu akaruka. "We mtoto, una wazimu?"

"Nyamaza, msimamizi," akasema Bweni Zaina. Alisema polepole, lakini niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Halafu kikakatika ghafla. "Ngoja kwanza. Moroni? Cherehani yangu ilikuwa inafanya nini Moroni? Si uliniambia umeitoa dukani mpya?"

Mimi nikatazama dari. Nyumba ilikuwa na dari nzuri sana.

"Ilikuwa... kwa muda," akasema Fundi Mkuu.

"Nyumbani kwa nani?"

Akanitazama mimi, na macho yake kwa mara ya kwanza yalikuwa yananiomba. Ningeweza kulijibu mimi swali lile. Nikasema tu, "Bweni, mimi ni fundi wa kola. Ya cherehani muulizane wenyewe."

Akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa kabati, akamrushia mumewe. "Mlipe kijana. Yote. Anadai kwenye nyumba yangu, majirani wanasikia, jina litakalotajwa ni langu. Na wewe, kwa kuwa cherehani ni yangu, kuanzia leo unaitumia kwa kodi. Ukishindwa, lala nayo huko ilikotoka."

Fundi Mkuu alinilipa pale pale barazani. Mkono ulikuwa mzito, lakini alilipa. Nilipofika kichochoroni akanifuata. Nikajua sasa natukanwa.

"Ile kona," akasema kwa sauti ya chini. "Unavyoikunja. Khatibu ameniuliza nani kaifanya. Nimesema mimi."

"Sawa, fundi. Hiyo sikudai."

Nikamwoa Mwanaisha kabla ya Ramadhani, harusi ya watu wachache, mimi fundi wa majoho nimevaa kanzu ya kuazima. Mjomba alikikalia kitanda, akakitikisa, akaridhika.

Serikali ile ilipoondoka harusi kubwa zikarudi, na zari ikarudi nazo. Nikafungua duka langu Moroni. Cherehani nikaiweka nyumbani kwa mke wangu na nikasema mbele ya mama yake ni ya nani, mara moja, hadharani. Miaka ikapita, Fundi Mkuu akaja kunitaka nimshonee joho mtoto wake. Alihesabu pesa yote mezani kabla sijashika mkasi, kisha akakaa kuangalia kola ikianza.

Macho sasa yamekataa zari, nimewaachia vijana. Nawaambia neno moja kuhusu kazi hii: malipo ya fundi yasingoje sherehe ya mtu mwingine. Joho likiwa mezani, bado ni lenu. Likishavaliwa, mtabaki kulitazama msikitini kama nilivyolitazama mimi. Kwangu kila Alhamisi jioni, kabla ya kufunga mlango, kila aliyeshona alilipwa, harusi iwepo isiwepo. Wengi wamefungua maduka yao. Wanakuja nyumbani kwangu mara kwa mara, na wakibisha hodi sijifichi. Najua wamekuja kula.