Waya Uliokuwa Ukichomoka Wenyewe

"Mjomba, huu waya unachomokaje wenyewe?" nilimuuliza nikiwa darasa la tatu.

"Labda panya nao wanataka mtandao," alijibu kutoka chini ya meza. Bibi, mama yake, alicheka mpaka machozi.

Mjomba ni fundi kompyuta. Duka lake liko mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka kwa Bibi, ambako mimi na mama tunaishi. Bibi alikuwa mshonaji, na vipimo vya wateja wake alivitunza kwenye kompyuta aliyoletewa na Mjomba. Mjomba aliitengeneza ili aweze kuingia humo kwa mtandao akiwa dukani kwake. Bibi akipiga simu kwamba imegoma, tunaona kishale kinatembea kwenye skrini na kipanya hakijaguswa na mtu. Mimi mdomo wazi!

"Haya mama, tayari," anasema Mjomba, simu inakatika.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Waya wa mtandao ukichomoka, hana pa kupitia. Lazima apande basi. Kuuchomeka ni nusu dakika, lakini Bibi hamwachi mpaka jioni.

"Hilo shati umeazima kwa nani? Simama nikupime."

"Mama, nina wateja."

"Hata mimi ninao. Inua mkono."

Mwaka ule waya ulichomoka mara tano. Mara ya tano Mjomba alikuja na kifaa kidogo cha Wi-Fi, akakipachika nyuma ya kompyuta.

"Sasa hakuna waya, mama. Shida imekwisha!" Alifurahi kama mtu aliyeleta zawadi.

Bibi aliuviringisha ule waya taratibu, akautia kwenye droo ya cherehani. "Ahsante, baba. Umenipunguzia kazi."

Miaka miwili kishale kilitembea, Mjomba mwenyewe hakuja. Alikuja kwenye mazishi ya Bibi.

Likizo iliyopita, nikiwa kidato cha tatu, mama aliamua kuigawa cherehani, Mjomba akaja kutusaidia, tukaisafisha droo. Mjomba aliushika ule waya, akakibonyeza kibanio cha plastiki kilicho kwenye ncha. Kizima kabisa. Akabonyeza tena, na tena.

"Vipi, Mjomba?"

"Hiki kikiwa kizima, waya hautoki mpaka mtu abonyeze kwa kidole." Akakaa kwenye kiti cha Bibi. "Uliwahi kuniuliza unachomokaje wenyewe. Haukuwa ukichomoka wenyewe, mpwa wangu. Mama alikuwa ananiita, na mimi nikaja kuuondoa waya."