Milioni Moja na Tatu

Juzi hapa Mtumba fundi mmoja aligonga bati nje ya dirisha la ofisi yetu, nami nikajikuta niko Kongwa, juu ya dungu, katikati ya mtama wa baba, nikigonga debe kufukuza ndege pamoja na dada yangu Yunisi.

Kwetu mtama ukianza kuiva watoto walikosa shule. Baba alimtaka Yunisi shambani tangu alfajiri, maana kweleakwelea hawangoji kengele ya mapumziko. Alikuwa darasa la saba, na kwa utoro huo mwalimu wa hesabu akamtoa kwenye kambi ya mtihani. Mama alimpeleka kuomba msamaha. Mwalimu yule alipenda kuombwa. Watu wa namna hiyo mnawajua. Alichukua chaki, akaandika ubaoni 1,000,003.

“Nitafutie namba inayoigawanya hii bila kubaki kitu, ukiacha moja na yenyewe,” alimwambia Yunisi. “Ukiipata, unarudi kambini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.”

Basi dada yangu akainama. Alipanda dunguni na vipande vya mkaa, akagawanya kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, akaendelea hivyo siku baada ya siku mpaka nguzo zikajaa, akahamia kwenye mapaja yake. Kila mara kilibaki kitu. Debe niliachiwa mimi na mikono yangu midogo, na ndege wakanidharau. Baba alipokuta masuke matupu alimchapa Yunisi kwa fimbo ya kuchungia. “Tutakula namba?” aliuliza.

Yunisi alikwenda kwa mwalimu akichechemea.

“Shikamoo mwalimu. Nimejaribu sana. Haigawanyiki.”

“Umeshindwa,” mwalimu akasema, akamwonyesha mlango. Kabla ya mavuno mengine Yunisi alikuwa ameolewa Mlali.

Nilipofika darasa lile, mwalimu aliandika namba ileile ubaoni. “Hii ni namba tasa,” akasema. “Haigawanywi na chochote ila moja na yenyewe. Kuna bwege mmoja nilimpa aigawanye, akaacha ndege wamalize shamba.” Darasa zima likacheka. Nilimchukia, na namchukia hadi leo.

Hata hivyo, kwa akili za kitoto niliamini kwamba namba ile ilimjia tu kichwani. Ukubwani ndipo nilipoelewa. Angemalizia na nne, mbili ingeigawanya, na Yunisi angejibu palepale. Angemalizia na tano, hata mimi ningejibu. Alikaa chini akaitafuta ile tatu.

Mwaka jana nilimweleza dada yangu, tumekaa uani kwake.

“Kwa hiyo nilimjibu sawa?”

“Sawa kabisa, dada.”

Aliendelea kupepeta mtama. Kisha akamtazama binti yake Neema, aliyekuwa akiandika sakafuni kwa mkaa.

“Huyu usimwambie,” akasema. “Bado anapenda hesabu.”